Posho au jina kubwa, chama cha wote au cha wenzako: ulinganisho kwa mwanafunzi wa mawasiliano

Mwanafunzi wa mawasiliano akifika mwaka wa pili au wa tatu, milango huanza kujitokeza kwa mkupuo: nafasi za mafunzo kwa vitendo, matawi ya vyama vya taaluma, walezi wa kitaaluma, makongamano ya ujumuishi (yaani kuwaingiza waliozoea kuachwa nje), maonyesho ya ajira. Yote yanasifiwa, na yote yanataka muda wako. Aliyekulia katika nyumba yenye mhariri au meneja wa matangazo anaweza kuchagua vibaya asiumie, kwa kuwa mjomba atapiga simu na mlango mwingine utafunguka. Hapa nazungumza na asiye na mjomba huyo: binti wa kwanza katika ukoo wake kuingia chuo kikuu, mwanafunzi asiyeona, mtoto wa wahamiaji, kijana mwenye lafudhi ambayo haijawahi kusikika kwenye taarifa ya habari. Huyo ana saa chache na nauli chache za kujaribia bahati.

Nimepima kila njia kwa maswali mawili. Ukitoka pale, utabaki na kazi gani yenye jina lako? Na gharama ya wewe kuwa pale inabebwa na nani?

Jina kubwa bila malipo, au nafasi ndogo yenye posho

Upande mmoja kuna taasisi inayojulikana dunia nzima. Inakupa kitambulisho cha kuvaa shingoni na mstari mzuri kwenye wasifu, lakini hailipi. Upande wa pili kuna redio ndogo, gazeti lisilovuma, au kampuni ya uhusiano wa umma yenye wafanyakazi wanaohesabika, na inatoa posho ya kukuwezesha kula na kusafiri. Wahadhiri wengi humsukuma mwanafunzi kwenye jina. Mimi ningemwambia achukue posho.

Mwaka 2015 kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand, aliyekuwa akifanya mafunzo katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva, aliandikwa na magazeti ya nchi nyingi kwa sababu alikuwa akilala kwenye hema. Nafasi yake haikuwa na malipo, na Geneva ni mmoja wa miji ghali kuliko yote duniani. Baadaye alieleza kwamba alikusudia pia kulivuta jicho la umma kwenye tatizo lenyewe, na alifanikiwa. Shirika la Afya Duniani, lenye makao katika mji huohuo, lilianza kuwapa wanafunzi wake posho mwaka 2020. Nafasi isiyolipwa haihitaji kuandika popote kwamba haimtaki mtoto wa maskini. Inamwachia kodi ya nyumba imwondoe yenyewe, kisha taasisi inashangaa kwa nini waombaji wote wanafanana.

Kuna sababu ya pili, ambayo husemwa mara chache. NACE, chama cha Marekani kinachofuatilia ajira za wahitimu, kimeona mara nyingi katika tafiti zake kwamba waliofanya mafunzo yenye malipo hupata ofa nyingi za kazi kuliko waliofanya yasiyolipwa. Sishangai. Anayekulipa anataka fedha yake irudi, kwa hiyo atakupa kazi, atakukosoa, atakusahihisha. Asiyekulipa hapotezi kitu ukikaa pembeni miezi mitatu ukitazama wenzako wakifanya.

Mahakama nazo zimewahi kuliangalia suala hili. Mwaka 2011 vijana wawili waliofanya kazi bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight mjini New York wakidai kwamba walifanya kazi za mwajiriwa. Walishinda mwaka 2013, lakini mahakama ya rufaa ilipoliangalia jambo hilo mwaka 2015 ilibadilisha kipimo na kuuliza: kati ya mwanafunzi na kampuni, ni nani anayefaidika zaidi na mpango huu? Huhitaji wakili kuuliza swali hilo. Ufaransa haikuliacha mikononi mwa wanafunzi: huko sheria inamlazimu mwenye nafasi kutoa posho mafunzo yakizidi miezi miwili.

Ukilinganisha matangazo, acha nembo na usome vitenzi. Tangazo moja litasema mwanafunzi "atasaidia timu katika shughuli mbalimbali". Jingine litasema "ataandika habari fupi tatu kwa wiki, zitapitiwa na mhariri wa zamu, na ataripoti kwa mkuu wa dawati la afya". La kwanza halijaahidi chochote, na mara nyingi shughuli hizo mbalimbali ni kupanga viti ukumbini, kupokea simu na kubandika mabango. La pili limekuambia utafanya nini, nani atakusahihisha na nani atakuwa bosi wako. Kwenye usaili uliza mambo matatu kwa upole bila kuogopa: nitaripoti kwa nani, kazi zangu zitatoka na jina langu, na aliyekaa kwenye kiti hiki kabla yangu yuko wapi sasa? Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito. Mtu akilijibu papo hapo kwa jina na mahali, ujue ni pahala panapolea watu. Akianza kutafuta maneno, umeshajibiwa.

Ningechukua jina kubwa lisilolipa katika hali mbili tu: chuo au mfuko fulani unakulipia gharama za kuishi, au una pa kulala bure katika mji huo na mafunzo ni ya wiki chache. Zaidi ya hapo ni kukopa ili ufanye kazi.

Vyombo vya habari vya chuo, yaani redio, gazeti au chaneli ya wanafunzi, havishindani na mafunzo ya nje. Vinatangulia. Ingia mwaka wa kwanza, kosea huko ambako makosa hayagharimu, na utoke na kazi tano au sita za kuonyesha. Anayeomba nafasi ya nje akiwa na cheti cha matokeo peke yake anamwomba mhariri amkisie.

Chama cha wote au chama cha wenzako

Hapa historia inafundisha kuliko ushauri wowote. Mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha DePauw jimboni Indiana, wanafunzi kumi wa kiume walianzisha umoja wa waandishi wa habari ulioitwa Sigma Delta Chi. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, wanafunzi saba wa kike walianzisha wa kwao, Theta Sigma Phi. Vyama viwili, mwaka mmoja, na vyote vimeanzishwa na wanafunzi. Cha kwanza kilikua hadi kuwa chama cha jumla cha wanahabari wa Marekani, kinachojulikana leo kama SPJ, na kiliwafungulia wanawake mlango mwaka 1969. Kwa miaka sitini hivi, mwanamke aliyetaka kujuana na wenzake wa taaluma alikuwa na chama alichojijengea mwenyewe.

Kwa hiyo ukisikia mtu akilalamika kwamba vyama vya makundi "vinawagawa" wanahabari, kumbuka nani alianza kufunga mlango. NABJ, chama cha wanahabari weusi, kiliundwa Washington, D.C. mwezi Desemba 1975 na watu 44. AAJA cha wanahabari wenye asili ya Asia kilifuata mwaka 1981, kisha NAHJ cha wenye asili ya Amerika ya Kilatini mwaka 1984. Mpango ni uleule kote: watu waliojikuta peke yao katika kila chumba cha habari walitafutana.

Chama cha wenzako kina faida moja ambayo cha wote hakiwezi kuigiza: hutumii muda kueleza hali yako. Ukisema mhariri wako anakupa habari za misiba ya jamii yako tu, aliye mbele yako ameshapitia hilo na atakuambia alifanyaje. Walezi hupatikana haraka, ufadhili huwa na waombaji wachache, na kwenye makongamano waajiri huja wakiwa wamekusudia kuajiri. Upungufu wake ni kwamba kinaweza kuwa kidogo, kisichofika mjini kwenu, au chenye wanahabari wengi na watu wachache wa matangazo au mawasiliano ya mashirika.

Chama cha wote kina mabega mapana. PRSA, chama cha wataalamu wa uhusiano wa umma cha Marekani kilichoundwa mwaka 1947, kina tawi la wanafunzi, PRSSA, ambalo kila mwaka huendesha shindano la Bateman: timu ya wanafunzi inapewa mteja wa kweli, inafanya utafiti, inapanga kampeni, inaitekeleza na kupima matokeo. Kazi ya namna hiyo unaiweka mezani kwenye usaili wowote. Tatizo la matawi haya ni uongozi kuzunguka kwa marafiki walewale, na mgeni kukaa nyuma mwaka mzima bila kuitwa kwenye timu.

Ningeanza na chama cha wenzako mwaka wa kwanza na wa pili, nipate kujiamini na watu wa kuniongoza, kisha niingie cha wote mwaka wa tatu nikiwa nagombea nafasi ya uongozi au ya timu. Kujiunga na cha wote na kulipa ada kila mwaka ili tu jina la chama lionekane kwenye wasifu hakuna faida.

Programu maalumu au dirisha la kawaida

Wapo wanafunzi wanaokwepa programu zilizotengwa kwa makundi yasiyowakilishwa. Wanaogopa kuitwa "wa upendeleo". Nawaelewa, na bado nawashauri waombe.

Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Boston na Chicago. Walituma wasifu karibu 5,000 kwa waajiri, wakibadilisha majina: baadhi yalisikika kama ya Wazungu, mengine kama ya Wamarekani weusi. Wenye majina ya kizungu waliitwa mara moja kwa kila wasifu kumi hivi. Wenye majina ya watu weusi walihitaji kama kumi na tano. Dirisha la kawaida, basi, lina upendeleo wake pia, ila hauna tangazo.

Programu nzuri za aina hii zina umri na rekodi. MAIP ya makampuni ya matangazo ya Marekani imekuwa ikiwaweka wanafunzi kwenye nafasi zenye malipo tangu mwaka 1973. Taasisi ya Emma Bowen, iliyoanza mwaka 1989, huwaweka wanafunzi kwenye makampuni ya habari, nayo kwa malipo. Uingereza, mfuko wa ujumuishi katika uanahabari wa NCTJ, baraza la mafunzo ya wanahabari, hulipia ada za mafunzo kwa wasiojiweza, na taasisi ya Taylor Bennett huwaandaa wahitimu wa makundi ya wachache kwa kazi za uhusiano wa umma. Utaona zinachofanana: fedha, mafunzo kabla ya kuingia ofisini, na mtu aliyepewa jukumu la kukufuatilia. Programu isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, ikawa na picha za wanafunzi wanaotabasamu na neno ujumuishi kwenye bango, iache ipite.

Soma vigezo vya mwaka huu, usitegemee vya zamani ulivyoambiwa na kaka wa darasa la juu. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2023, uliozuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha udahili, programu nyingi zilizokuwa za kundi moja zilibadilisha maneno au kufungulia wengine. Unaweza kukuta umestahili mahali ulipodhani hapakuhusu.

Kwa mwenye ulemavu kuna jambo la kuongeza: andika mahitaji yako mara tu unapoitwa kwenye usaili, kwa sentensi mbili zinazosema unachohitaji bila historia ya matibabu. "Natumia programu ya kusoma skrini, naomba jaribio la kuandika liwe kwenye faili la maandishi na si picha." Namna wanavyojibu barua hiyo ndivyo watakavyoishi nawe.

Mlezi mmoja mkubwa au watu wengi wa juu juu

Kila chuo siku hizi kina programu ya walezi, na ndoto ya mwanafunzi ni kupewa mkurugenzi maarufu. Ninaegemea upande wa pili.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 matokeo ya mahojiano na watu waliobadilisha kazi karibuni katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi na kujuana kitaaluma, uliona jambo la jirani: waliosaidia zaidi watu kubadili kazi ni wale wanaofahamiana kiasi. Rafiki wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Mtu wa mbali ana habari za kwingine.

Kwa asiye na ukoo wenye majina, hii ni habari njema kabisa. Kujuana kunajengeka. Fundi mitambo uliyekutana naye ukirekodi kipindi, mhariri msaidizi aliyekusahihisha mara moja, mwanafunzi aliyekutangulia miaka miwili: watu kumi wa namna hiyo wana faida kuliko mkurugenzi mmoja mwenye dakika kumi na tano kwa muhula. Tofauti ni kwamba lazima uwaandikie. Ujumbe wa mistari minne unatosha: tulikutana wapi, nilichojifunza kwako, nilichofanya tangu siku ile na kiungo chake, swali moja. Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza.

Mlezi wa karibu nitamtaka kwa jambo moja, kusomewa kazi. Mtu anayekurudishia andiko lako likiwa limejaa alama ana thamani isiyo na badala, hata kama hana cheo.

Habari za jamii yako au dawati jingine

Ukishaingia, mtego unaofuata ni mtamu. Wewe ndiye pekee unayeijua jamii fulani, lugha yake na wazee wake, basi kila habari yake inakuja kwako. Mwanzoni ni heshima, na kwa kweli ni nguvu: unapata vyanzo ambavyo mwenzako hawezi kuvipata, na jamii inaandikwa na mtu anayeijua. Kwenye uhusiano wa umma ni vilevile, kampeni ya "soko lile" inawekwa mikononi mwako.

Lakini wanaopanda vyeo ni walioshika bajeti, mahakama, siasa, afya, akaunti za wateja wakubwa. Kwa hiyo usikatae habari za kwenu, ila dai dawati la pili ndani ya miezi ya mwanzo. Nenda na mapendekezo: "Naomba niifuate kamati ya bajeti, nimeshasoma taarifa ya mwaka jana na nina habari mbili." Mhariri hukataa ombi kwa urahisi, lakini habari mbili mezani zinamtia majaribuni.

Kwa viongozi wa vikundi na idara: kongamano au mfuko wa nauli

Mkiwa na fedha kidogo ya "kukuza ujumuishi", mtavutwa kwenye siku kubwa: ukumbi, wazungumzaji, mabango, picha. Nawasihi mweke fedha hiyo kwenye mfuko mdogo wa nauli na vifaa kwa wanafunzi waliopata nafasi wasizoweza kuzimudu.

Maneno tumeshayasikia. Mwaka 1968 Tume ya Kerner, iliyoundwa baada ya machafuko ya miji ya Marekani, iliripoti kwamba weusi walikuwa chini ya asilimia 5 ya watu wa uhariri katika vyombo vya habari vya nchi hiyo, na chini ya asilimia 1 ya wahariri na wasimamizi. Mwaka 1978 chama cha wahariri, ASNE, kiliahidi kwamba kufikia mwaka 2000 vyumba vya habari vitafanana na nchi. Mwaka 2000 ulipokaribia, ahadi ilisogezwa hadi 2025. Watu walioahidi hawakuwa waongo. Ahadi haikuwa na nauli ndani yake.

Kongamano lina nafasi yake pale tu linapoleta waajiri wenye nafasi zilizo wazi na muda wa kukaa na mwanafunzi mmojammoja kupitia kazi zake. Maonyesho ya ajira yasiyo na hilo ni ugawaji wa kalamu.

Ofa mbili zikifika wiki moja

Hutokea, na wengi hushtuka wakakubali iliyopiga simu kwanza. Andika siku hiyohiyo: shukuru, sema unahitaji wiki moja kutoa jibu, na taja tarehe. Mwajiri wa kweli hukasirika mara chache kwa hilo. Katika wiki hiyo mtafute aliyewahi kukaa kila mahali, umuulize alirudi na kazi gani zenye jina lake na alilipaje kodi. Ukishaamua, mpigie simu uliyemkubali. Yule unayemkataa mwandikie mistari mitatu bila kuchelewa, na katika mstari wa tatu mtaje mwenzako mmoja anayeifaa nafasi hiyo, pamoja na kiungo cha kazi yake bora, ukiwa umeshamwomba ruhusa.